Random wa Katoro

Aibu ya Python, lugha ya kuandikia programu, haichagui saa. Huja mwenye mali akiwa amesimama mgongoni kwako. Chukua fundi wa Katoro, mkoani Geita, aliyepewa kazi ya kupanga zamu za karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kwa bahati nasibu. Faili analiita random.py, jina la haki kabisa, kisha ndani yake anaita moduli ya random iliyo kwenye maktaba ya Python. Programu inagoma na kumtuhumu kwamba huenda anajizungusha mwenyewe. Mwenye karasha anamtazama fundi, fundi anatazama skrini, na umeme wa watu unasingiziwa bure.

Kosa liko kwenye mpangilio. Python ikiagizwa moduli, kwanza hupekua sys.modules, daftari la zilizokwisha kuletwa. Isipoiona, huwauliza watafutaji waliopangwa kwenye sys.meta_path, na wa kwanza kusema "ninayo" ndiye anayesikilizwa. Mtafutaji wa mafaili naye ana orodha ya folda, na ya kwanza ni folda ya faili unaloliendesha. Ndiyo maana random wa Katoro anamshinda random wa maktaba bila jasho. Na hapa ndipo penye utamu: tangu toleo la 2.3, mwaka 2003, unaweza kupenyeza mtafutaji wako mwenyewe kwenye foleni hiyo, akakuletea moduli kutoka hifadhidata au seva ya mbali. Zipu iliyobebwa kwenye flashi husomwa bila hata mtafutaji mpya, neema kubwa pale bando linapokata. Dhahabu ya Geita, tangu 2019, ina soko lake ambako hupimwa kabla ya kulipiwa. Python humlipa wa kwanza kufika mlangoni.

Wapo watakaosema fundi ajifunze majina ya maktaba. Yapo zaidi ya 200. Hata walioyaandika hawayakariri. Wengine watatetea uhuru wa kubadilisha moduli, na hao wana hoja, ila onyo la mstari mmoja halimnyang'anyi mtu uhuru. Ushahidi ni Python yenyewe: toleo la 3.13, Oktoba 2024, hatimaye humshauri fundi abadili jina la faili. Lugha ilitoka 1991. Miaka 33 mashine ikijua, lawama zikibebwa na binadamu!

Na mgongano wa majina si aibu tu, ni hatari pia: mwaka 2021 mtafiti wa usalama Alex Birsan alieleza jinsi alivyotumia majina yanayofanana na ya vifurushi vya ndani vya kampuni kupenya hadi Apple na Microsoft.

Kwa kosa la Katoro, mwenye toleo la 3.11 au jipya zaidi aendeshe programu kwa alama ya -P. Folda ya faili haitatangulizwa tena.