Heri Msafara Upite Kila Juma

Watu wa Kolwezi wana mazoea mabaya ya kuulaani msafara wa mheshimiwa. Barabara ikishafungwa, pikipiki zikasukumwa pembeni na askari akapuliza filimbi, utasikia miguno: bukari inapoa, mteja kaondoka, siku imekwenda bure. Huo ni utovu wa shukrani. Tukipima kwa matendo na si kwa hasira, hakuna mtumishi wa umma anayelihudumia jiji hili kwa bidii kama msafara. Wengine hawafanyi kazi hata wakiwa ofisini. Msafara hufanya kazi kabla haujafika.

Ushahidi uko barabarani. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa yake hutoka hapa Lualaba. Malori yenye mabamba ya shaba hushuka kuelekea Likasi, Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa, mengine hupanda na asidi ya viwandani, na lami husagika chini ya magurudumu yao. Kiangazi kikiingia, vumbi jekundu hutua juu ya sombe sokoni hadi mama muuzaji aifute kwa kitambaa kabla ya kutaja bei. Ukiuliza dawa, utaambiwa inahitaji utafiti, bajeti, zabuni na mfadhili. Lakini acha zivume habari kwamba mkubwa anakuja kutoka Kinshasa. Lori la maji litapita asubuhi na jioni, mashimo yatajazwa kokoto, kingo zitapakwa chokaa, na jaa la taka lililozoeleka kiasi cha kutumika kuelekezea wageni litatoweka usiku mmoja. Utafiti hatukuuona, mfadhili hatukumsikia. Kumbe kilichokosekana miaka yote ni mtu ambaye vumbi likigusa kioo chake, kuna atakayepoteza kazi.

Msafara pia ni mwalimu wa usawa. Katika mji ambao malango ya makampuni huwachambua watu kwa kadi, hili ndilo lango lisilouliza kadi. Mhandisi wa kigeni ndani ya jipu lenye kiyoyozi husimama, mchimbaji na gunia lake husimama, na msukuma baiskeli ya makala huiegemeza kwa gongo, akaishika kwa mkono mwingine, maana ikilala chini na magunia yake atahitaji watu wawili kuiinua. Wote wanangoja, na hakuna anayejua hadi saa ngapi. Katiba iliahidi usawa, king'ora kimeutimiza.

Yako mapingamizi. La kwanza ni la usalama: mkubwa hawezi kupita kama mtu yeyote. Ni kweli, na historia inakubali. Tarehe 29 Juni 1960, mkesha wa uhuru, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alipita Léopoldville, Kinshasa ya leo, katika gari la wazi, na Mkongo mmoja, Ambroise Boimbo, akamnyakulia upanga wake mchana kweupe. Siku hizi vioo ni vyeusi, mwendo ni wa kasi, na kila mheshimiwa hurudi na panga zake zote. La pili ni zito zaidi: mgonjwa akifungiwa barabara, hakuna chokaa itakayomponya. Silibishi. Nasema tu kwamba msafara una kila anachohitaji mgonjwa huyo: king'ora, njia tupu, na mara nyingi gari la wagonjwa linalofuata nyuma bila mgonjwa. Vifaa vipo, kilichobaki ni kubadilisha abiria.

Pingamizi la tatu ndilo linalopendwa na wasomi: matengenezo hayo ni ya juujuu, hufuata njia ya msafara peke yake, na mvua za Novemba huyafuta. Kosa hapo si la msafara, ni la uchache wake. Kokoto inayodumu miezi miwili inadai mheshimiwa kila miezi miwili. Na kwa nini apite barabara kuu tu? Apelekwe Kasulo, mtaa ambao tangu 2014 wakazi walichimba mashimo hata chini ya nyumba zao wakitafuta kobalti. Bora zaidi, njia isitangazwe kabisa, ili wenye madaraka, kwa kutojua atakunja kona gani, walazimike kutengeneza kona zote.

Mtaniambia mheshimiwa ana kazi nyingine, hawezi kuzunguka Kolwezi mwaka mzima. Wala hatumhitaji. Toka lini tukamwona usoni kupitia kile kioo? Abaki Kinshasa apumzike, atutumie magari tu, matupu, yenye bendera na ving'ora. Barabara haiulizi nani yumo ndani. Wanaouliza ni wakubwa wa mji, na hao ndio wasiambiwe.