Sifa za Kinanda cha Kilo 60

Fumo Liyongo, kama tulivyopokea kwa wazee, aliusifu uta wake. Sina ugomvi naye, ila uta hutundikwa begani mtu akaenda zake. Mimi niliyebeba Rhodes miaka sita katika bendi za Dar es Salaam nasimama mbele yenu, mkono mmoja kiunoni, kukisifu chombo ambacho hakijapata kutundikwa na mtu popote.

Kwa wasiokijua: ni kinanda cha umeme cha Kimarekani, vibonyezo 73. Ukibonyeza, kinyundo kinagonga kijiti cha chuma, na sumaku iliyozungushiwa waya inadaka mtetemo na kuupeleka kwenye amplifaya. Sauti yake ni kama kengele iliyolazwa kwenye pamba. Uzito unakaribia kilo 60: mfuko wa saruji, na juu yake mtoto wa mwaka mmoja.

Fadhila ndogondogo nazitaja harakaharaka. Hakiibiki. Upepo haukitikisi. Kikishasimama juu ya miguu yake minne, hakuna mpiga picha wa harusi atakayekuomba usogee kidogo.

Fadhila yake kuu ni ya kitabibu. Harold Rhodes alikuwa mwalimu wa piano, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alipewa kazi ya kuwafundisha askari wa Marekani waliolazwa na majeraha. Akachukua mabomba ya alumini ya ndege za B-17, akaunda kinanda kidogo cha kupakatwa kitandani. Zingatieni neno hilo: kupakatwa. Ilipofika miaka ya 1970, kile kichanga kilichotulia mapajani mwa mgonjwa kilikuwa kinahitaji wazima wawili kukivusha mlango. Hakijaisahau asili yake, hata hivyo. Kilizaliwa wodini, na hakichoki kuwapeleka watu huko.

Kabla yake nilidhani mtu ana kiuno kimoja. Kumbe ana vitatu: cha kuinulia, cha kushukia ngazi, na cha kesho yake asubuhi, ambacho hukutaka uviringike kutoka kitandani kama gogo. Kinanda kimenijulisha kwa daktari wa mifupa, kwa muuza mikanda, na kwa mama mmoja wa Magomeni anayekanda kwa mafuta ya karafuu huku akiuliza kama sina kazi nyingine. Na ukumbini nimejifunza kwamba viuno navyo vina matabaka. Wanenguaji wetu wakizungusha vyao, watu wanainuka na noti kuwatunza. Kiuno kilichokipandisha kinanda jukwaani kiko hatua mbili nyuma yao, kimefungwa mkanda, na sijaona aliyekibandika hata shilingi mia.

Sifa nyingine: kinawafanya wenzako wawe wacha Mungu. Muda wa kupakia ukifika, mpiga solo anakumbuka kwamba hajaswali. Mwimbaji ana koo la kulinda, ingawa sikuwahi kuona mtu akibeba kwa koo. Mpiga tumba, mwenye mikono ya mvuta jarife, amekwenda kununua sigara na atarudi gari likishawashwa.

Na mwenye bendi? Mwenye bendi husimama kando ya pikapu na kusema, "Taratibu, jamani, mali hiyo." Tangu 1983 Yamaha walikuwa wakiuza DX7, yenye sauti ya piano ya umeme ambayo mlevi wa saa nane usiku hawezi kuitofautisha na hii. Ilikuwa na kilo 14. Nilimwambia, kilo 14! Akanijibu kwamba watu wakiona kinanda chembamba watadhani tumefilisika. Mtu huyu hajawahi kukiinua hata ncha. Mwisho wa mwezi alinikata nauli ya pikapu, kwa kuwa mpiga gita anapanda daladala na gita lake, kwa hiyo huo mzigo ni wangu. Mali yake, mzigo wangu! Miaka imepita na bado nikiandika sentensi hiyo kalamu inatoboa karatasi.

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Siku moja tulikuwa na harusi Kigamboni. Pikapu iliharibika karibu na kivuko, nikabaki na kijana mmoja na kasha letu jeusi, tumelifunika khanga lisirushiwe maji ya bahari. Tulipoliinua kuelekea pantoni, watu wakaanza kupisha. Muuza samaki akaweka beseni chini. Mwanamume mmoja akavua kofia, akashika pembe moja bila kuulizwa, akaja wa pili, akaja wa tatu, wakipokezana kwa hatua chache kama inavyopasa. Nilielewa mapema kuliko ninavyopenda kukiri. Nilipaswa kusema, lakini kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita mikono yangu ilikuwa mitupu, nami nikainamisha kichwa na kufuata nyuma.

"Mzito, maskini," mmoja alinong'ona.

Tulipokuwa katikati ya maji, mzee mwenye kanzu alinisogelea, akanishika bega.

"Pole, mwanangu. Mtoto ni wa nani?"

"Wa mwenye bendi, mzee," nikamwambia. "Mimi nabeba tu."