Sifa Zake Tamthilia Isiyochekesha

Tamthilia nzuri zina usumbufu. Zinakukesheza, zinakumalizia bando, asubuhi unaingia ofisini macho mekundu na bosi anakuuliza kama kwenu kuna msiba. Haters Back Off haina ujeuri huo. Netflix iliachia vipindi vyake 8 vya kwanza kwa mkupuo tarehe 14 Oktoba 2016, kila kimoja nusu saa hivi, na mtu muungwana aliweza kutazama kimoja, akapiga miayo, akawahi kitandani. Hospitali ngapi zina dawa ya usingizi isiyo na madhara kiasi hicho?

Wanaoiponda hawakumwelewa mhusika wake. Miranda Sings alizaliwa YouTube mwaka 2008. Ni kazi ya Colleen Ballinger, Mmarekani aliyesomea uimbaji hasa, aliyekuwa akiwacheka wale wanaojirekodi chumbani bila sauti wala aibu, wakingoja dunia iwagundue. Akajipaka rangi ya mdomo nyekundu ikavuka mipaka, utadhani mtoto aliyebugia mawese kwa kiganja. Akavaa shati la kiume, akaivuta suruali ya mazoezi mpaka karibu na kifua, akaanza kuimba pembeni ya wimbo, huku uso wake ukisema Mungu hajaumba koo lingine kama hili. Dakika tatu tu, na mbavu huna. Nani alimdanganya kwamba anajua kuimba? Hujui, na hutaki kujua.

Waandishi wa tamthilia wakaona hapo pana pengo, wakalifukia kwa bidii ya kupigiwa mfano. Miranda akapewa mji, Tacoma, katika jimbo la Washington. Akapewa mama, Bethany, anayeugua kila ugonjwa ambao hana. Akapewa mjomba, Jim, meneja aliyejiteua mwenyewe, hodari wa mipango ya kumfanya mpwa wake awe nyota na mzito wa kila kitu kingine. Akapewa dada, Emily, mwenye akili timamu, na kwa kosa hilo nyumba nzima haimsikilizi. Juu ya hayo wakamwaga upweke na majonzi ya familia. Kile kituko cha dakika tatu sasa kina asili, ukoo na sababu, na ukishajua sababu unaona haya kucheka. Unabaki kumhurumia. Ni wapi tena utapata vichekesho vinavyokufundisha huruma kwa kukunyima kicheko?

Tena ni waaminifu, hawa watu. Kumchukua mwimbaji anayetoka nje ya sauti na kumtengenezea tamthilia safi iliyokaa kwenye ufunguo wake kungekuwa kumsaliti. Wao wakatengeneza inayotoka nje ya sauti kama yeye: tukio la huzuni linaingia mahali pa mzaha, mzaha unafika wakati watu wameshaanza kusikitika, na yote hayo kwa kujiamini kulekule kwa Miranda akiiangalia kamera. Kasoro ni Angela Kinsey tu, yule wa tamthilia ya The Office, aliyepewa nafasi ya mama. Kuna mahali anachekesha kweli, akaharibu utulivu wa wenzake. Hilo tumsamehe.

Msimu wa pili ulikuja Oktoba 2017, vipindi 8 vingine, na Desemba mwaka uleule Netflix ikatangaza kwamba basi, inatosha. Hapo heshima yangu ikazidi. Tamthilia ngapi tulizozipenda ziliburutwa msimu baada ya msimu, marehemu akafufuka, akaoa, akapoteza kumbukumbu, mpaka tukajuta kuzifahamu? Hii haikutupa nafasi ya kuizoea, wala haikuacha mtu akidai msimu wa tatu mlangoni. Miranda mwenyewe alirudi YouTube na rangi yake ya mdomo, mama na mjomba wakabaki Tacoma, na watazamaji wakaendelea kumcheka bila kuulizwa habari za familia yake.