Jinsi ya Kuunda Mashua Shinyanga Bila Tone la Maji

Kwanza, tafuta mahali pakavu. Kazi hii haimfai mtu wa Lamu wala wa Unguja, kwa sababu kule majahazi yenyewe yako mbele ya macho, na ukikosea urefu wa foromali, ule mti unaoshika tanga, atainuka mzee barazani akuumbue mbele ya wanao. Shinyanga hakuna hofu hiyo. Chombo kikubwa cha maji tunachokijua mtaani kwetu ni pipa la lita 200 lililotegwa chini ya bati kungoja mvua. Ukisema huku mbele ndiko omo na kule nyuma ndiko tezi, nani atakubishia?

Marafiki watakushauri uunde jahazi ndani ya kompyuta, au mtepe, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Waache wafu wa pwani wazikwe na watu wa pwani. Wewe unda mashua iliyopita hapa hapa kwetu. Ndiyo, mashua ya tanga ilipita Shinyanga, tena bila mto wa maana. Iliitwa Lady Alice, mali ya msafiri Henry Morton Stanley. Iliundwa na James Messenger huko Teddington, kando ya mto Thames, ikagawanywa vipande vitano, na tarehe 17 Novemba 1874 ikatoka Bagamoyo mabegani mwa watu. Ikapanda Ugogo, ikavuka mbuga za Wembere, ikaingia Usukuma kupitia Usiha, na tarehe 27 Februari 1875 ikafika Kageye, kwenye ukingo wa Ziwa Victoria. Kwa siku zaidi ya mia moja mashua ilisafiri kwa miguu, na miguu haikuwa yake.

Jina nalo lina kisa, na mwunda mashua asiye na kisa cha kuwasimulia wageni atabaki kuonyesha kioo tu. Alice Pike alikuwa binti wa miaka 17 aliyeahidiana ndoa na Stanley kabla ya safari. Mwenzake akiwa bado huku safarini, binti aliolewa Januari 1876 na Albert Barney, ambaye familia yake ilitengeneza mabehewa ya reli. Kati ya mwanamume mwenye chombo kinachobebwa na mwenye chombo kinachobeba, nadhani hesabu yake ilikuwa sahihi.

Sasa kompyuta. Programu iitwayo Blender ni ya bure, yaani utalipia bando tu. Ishushe saa nane za usiku, wakati vijana wa mtaa wamelala na mtandao umepata nafasi ya kupumua. Ukiwa na shemeji kwenye migodi ya Geita au Kahama, huu ndio wakati wa kumpelekea kuku. Wahandisi wa kule wanashinda wakichora mashimo kwenye kompyuta zenye kadi za michoro zinazoweza kuzungusha mlima kama chapati. Mweleze shemeji kwamba mashua ni shimo la wazi lenye kuta za mbao, tofauti yake ni kwamba la kwako halitakiwi kuingia maji. Mimi wangu alinielewa, akala kuku, akasema kompyuta ni za kazini. Kwa hiyo ninatumia mpakato wa mtumba ambao feni yake inalia kama karasha la wachimbaji wadogo, na betri yake inashika chaji kwa muda wa kusema Baba Yetu, bila Salamu Maria. Hifadhi kazi kila dakika tano. Umeme ukiondoka hauagi.

Vipimo Stanley aliviacha kitabuni mwake. Urefu futi 40, upana futi 6, kina inchi 30, mbao za unene wa inchi tatu ya nane. Hapa ndipo wengi wanapozama. Programu inasoma mita, nawe kwa pupa utaandika 40. Utapata mashua ya mita 40, ambao ni upana wa eneo la penalti pale Uwanja wa Kambarage, na utashangaa mbona mlingoti unaonekana kijiti cha mshikaki. Andika 12.19 kwa urefu, 1.83 kwa upana, 0.76 kwa kina. Mbao zitakuwa na unene wa milimita tisa na nusu. Rudia kusoma hapo. Mbao nyembamba kuliko kidole ndizo zilizokuja kupigana na Ziwa Victoria.

Kila kipande kilikusudiwa kiwe na futi 8, urefu uleule wa shiti ya plaiwudi unayoiona ikining'inia nyuma ya bajaji ikitoka hadwea. Hilo litakusaidia sana kupata picha, kwa sababu umeshawahi kumwona mtu mmoja akihangaika na shiti ya plaiwudi siku ya upepo.

Baada ya hapo laza mkuku, usimamishe mataruma. Aliyewahi kuingia kwenye duara la dhahabu ataelewa upesi: mataruma ni matimba yaliyolala chali. Kazi yake ni ileile, kuzuia kuta zisikutane. Kisha funika mbao ubavuni, na hapo ndipo utagundua kwamba una namba nne tu mkononi, ilhali programu inataka namba kama elfu nne. Mbao inapinda vipi inapokaribia omo? Tezi limekatwa wima au limelala? Zilizobaki utazitunga. Zingatia kwamba kutunga huko, ukishapaka rangi nzuri, huitwa uhalisia.

Rangi ya mbao ni somo la peke yake. Stanley anasema ilikuwa mierezi ya Kihispania, mbao ambayo haitoki Hispania hata kidogo; asili yake ni Marekani ya kitropiki. Mtaani kwetu sikuipata. Nilikwenda kwa fundi seremala, mzee anayeunda vitanda na majeneza kwenye banda moja, nikaomba kupiga picha kipande cha mninga ili nikivishe mashua. Akanipa, akanitazama nikipiga picha ubao kwa dakika kumi kana kwamba ni bibi harusi, asiseme neno. Kwa hiyo Lady Alice wangu ni wa mninga.

Amua pia unaunda mashua ya siku gani. Wengi huunda mpya, inayong'aa, kama imetoka dukani. Hiyo ni ya Teddington, nayo haituhusu. Kuna ile iliyoshushwa ziwani Kageye tarehe 8 Machi 1875, ikazunguka ziwa lote kwa siku 57, nahodha akiwa Wadi Safeni, na kuthibitisha kwamba maji yale ni ziwa moja, si madimbwi yaliyo jirani. Na kuna ile ya tarehe 31 Julai 1877, imechoka, imeachwa juu ya miamba karibu na maporomoko ya Isangila, mto Kongo, baada ya kuvuka bara. Ukichagua hii ya mwisho, mikwaruzo yote ya makosa yako itahesabiwa kuwa utafiti.

Tanga sitalisemea sana. Kitambaa cha kompyuta kina tabia ya shati kwenye kamba ya kuanikia. Utaweka upepo kwa namba, tanga litajaa vizuri, halafu ghafla litapenya mlingoti na kutokea upande wa pili kama jini. Punguza upepo. Likiendelea kupenya, sema chombo kimetia nanga.

Maji ndiyo usiige. Niliongeza ziwa, lenye mawimbi na mwanga wa jioni, nikaiacha kompyuta ipike picha usiku kucha. Asubuhi ilikuwa imetoa picha moja na nusu, na mke wangu alikuwa amesimama mbele ya mita ya Luku akisoma yuniti zilizobaki kwa sauti, taratibu, mara mbili. Nikalifuta ziwa. Mashua ikabaki juu ya vumbi jekundu, na kusema kweli kwa nchi hii ilipendeza zaidi.

Nikaipeleka kwa yule seremala aone mninga wake. Akaizungusha kwa kidole, akaingia ndani, akatoka kwa nyuma, akauliza swali ambalo hakuna video ya mafunzo iliyowahi kuniuliza.

"Kijana, ina uzito gani hii?"

Nikatazama. Katika programu hii, ukikitangaza kitu kuwa kigumu na chenye uzito, yenyewe hukiandikia kilo 1 mpaka ubadilishe. Mashua yangu ya mita 12 ilikuwa na uzito wa pakiti ya sukari.

Nikamsomea mzee nilichokijua. Vipande viliposhushwa Unguja vikapimwa, vinne kati yake vilikuwa na ratili 280 kila kimoja, kama kilo 127, ikabidi seremala avikate upya ili njia za miguu na mabega ya watu viweze kuvipitisha. Msafara ulitoka Bagamoyo na watu 356, wakiwemo wanawake 36 na watoto wa wabebaji wa mashua waliofuata mama zao. Mzee akapiga mluzi mdogo. Akaenda kwenye jeneza alilokuwa anapiga randa, akaliinua upande mmoja, akalishusha.

"Na waliobeba wako wapi?"

Nikasema nilikuwa naunda mashua, si msafara.

"Mashua ilipofika Usiha ilikuwa chini?"

Haikuwa chini. Basi hatua ya mwisho ya mwongozo huu, ambayo haikuwemo nilipoanza, ni hii: inua vipande vyote mpaka usawa wa bega, mita moja na nusu hivi kutoka kwenye vumbi, halafu weka watu chini yake. Mtu mmoja wa kompyuta, mwenye vidole, shuka kiunoni na misuli ya shingo inayoonyesha anabeba nini, ni mzito kuliko mashua nzima. Mtu wa tisa alipoingia, feni ililia, skrini ikaganda, na kompyuta ikajizima. Kwa wiki mbili Lady Alice ilielea hewani Usiha bila mtu chini yake, kama ilivyo kwenye picha nyingi za safari zile.

Nikamweleza mzee kwamba mashine haiwezi kuwabeba.

"Hata wao hawakubeba wote kwa pamoja," akasema, akirudia randa yake. "Walipokezana. Na wako wapokezane."

Nimeanza na wanne, kipande cha omo. Waliobaki nimewaweka kwenye flashi, wanangoja zamu.