Mabomba Manane ya Data: Kutoka Lile Linalovuja Kimya Hadi Lile Linalopiga Kelele

Kuna watu wawili wanaovutana juu ya faili moja. Wa kwanza anaijua data: ukimwonyesha zahanati isiyo na mgonjwa hata mmoja mwezi wa Aprili, atakwambia barabara ilikatika kwa mvua. Wa pili anajua kuandika kodi za kompyuta. Katikati wamesimama wauzaji wa programu, wakimnong'oneza wa kwanza kwamba akiburuta visanduku viwili vitatu kwenye skrini, hatamhitaji tena wa pili.

Nimezipanga njia nane za kusafirisha data kwa kigezo kimoja: data ikiharibika njiani, je, kuna kelele itakayosikika, na anayeijua data ataweza kuonyesha kwa kidole palipoharibika? Urembo wa skrini hauna alama. Tunahesabu kurudi nyuma, na wahandisi naomba mtunze hasira zenu hadi namba 4.

8. Kukopi na kupesti kwenye Excel

Hili nalo ni bomba, usinibishie. Tatizo lake ni kusaidia bila kuombwa. Andika namba ya simu, 0712 na tarakimu zake, sifuri ya mbele inaliwa. Anza na 255, unaonyeshwa 2.55712E+11. Bandika namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) yenye tarakimu 20 bila vistari, na tano za mwisho zinageuka sifuri, kwa sababu Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Hakuna onyo lolote. Mwananchi amepotea na faili linang'aa.

Wanasayansi walishasalimu amri. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kwamba MARCH1 sasa inaitwa MARCHF1 na SEPT1 inaitwa SEPTIN1, maana Excel ilikuwa ikizigeuza kuwa tarehe. Mwaka huohuo huko Uingereza, karibu visa 16,000 vya korona havikuingia kwenye takwimu za kila siku: majibu ya maabara yalimiminwa kwenye faili za mtindo wa zamani zinazokoma mstari wa 65,536. Zilipojaa, zilinyamaza.

Hukumu: Ilikuwa rahisi kubadilisha majina ya jeni kuliko kuwaachisha watu kupesti.

7. Zapier

Tangu 2011 imekuwa ikiunganisha programu moja na nyingine: fomu ikijazwa, barua pepe inaondoka na mstari mpya unaandikwa kwenye jedwali. Mtu anayesajili washiriki wa semina hahitaji zaidi ya hapo. Ila hesabu ya malipo huenda kwa kila kazi inayotekelezwa, kwa hiyo usiimiminie mauzo ya mwaka mzima.

Hukumu: Matone, karibu. Mafuriko, muone mhasibu kwanza.

6. Talend Open Studio

Unaburuta visanduku, yenyewe inaandika Java chini kwa chini. Ilitoka 2006, bure, na ofisi nyingi zilijenga juu yake. Kampuni ya Qlik ikainunua Talend 2023, na tarehe 31 Januari 2024 toleo la bure likafungwa.

Hukumu: Marehemu, ameacha wategemezi.

5. Alteryx

Wachambuzi wanaoitumia wanaipenda kwa dhati, na nawaelewa: unabofya kila kituo unaona data ilivyokuwa ilipopita hapo. Kwa kigezo changu ilistahili kupanda. Kinachoishusha ni bei. Kwa miaka mingi leseni ya mtu mmoja ilizidi dola 5,000 kwa mwaka, na chombo cha bei hiyo hununuliwa kimoja, kwa mtu mmoja. Siku akiacha kazi, hakuna mwingine mwenye leseni ya kufungua alichokijenga.

Hukumu: Inapiga kelele vizuri, lakini kwa sikio moja tu.

4. Apache Airflow

Haya, wahandisi. Maxime Beauchemin aliianzisha akiwa Airbnb mwaka 2014, na haijawahi kudai kuwa ya wasioandika kodi: kila bomba ni faili la Python. Faida zake ni kubwa. Kila badiliko lina tarehe na mwenyewe, kazi zinaanza saa nane usiku bila mtu, zikikwama zinajaribiwa tena, zikishindikana ujumbe unatumwa.

Sasa kwa nini nne? Kwa sababu kimraba cha kijani kwenye skrini ya Airflow maana yake ni kwamba kazi imekwisha, si kwamba data ni sahihi. Safu ya wagonjwa wa malaria inaweza kubadilishana nafasi na ya homa ya matumbo, na vimraba vyote vikabaki kijani. Anayeweza kulishtukia kosa hilo kwa kutupa jicho ni afisa takwimu, na yeye ndiye asiyeweza kusoma lile faili. Najua mtasema dawa yake ni kuandika majaribio ya kukagua data.

Hukumu: Mmeyaandika?

3. Apache NiFi

Ilizaliwa ndani ya NSA, shirika la ujasusi la Marekani, ikakabidhiwa kwa taasisi ya Apache mwaka 2014. Ni visanduku na mishale, na kila kipande cha data kinabeba historia yake: kimetoka wapi, kimepita wapi, kilikuwaje kabla na baada ya kila kisanduku. Foleni kati ya visanduku ikifika vipande 10,000, kisanduku cha nyuma kinazuiwa kisizidi kusukuma. Ndivyo ilivyopangwa ukiipokea, na unaweza kubadilisha. Kwa ufuatiliaji, haina mpinzani humu. Lakini inataka seva na mtu wa kuilea seva, na mtu huyo ni yuleyule mhandisi uliyeambiwa hutamhitaji.

Hukumu: Majasusi wamejenga kitu kisichosahau. Ulitegemea nini?

2. KNIME

Ilianza 2004 katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Ni programu huria, unaiweka kwenye kompyuta yako bila kulipa. Kila kisanduku kina taa: nyekundu hakijapangwa, njano kiko tayari, kijani kimefanya kazi. Tofauti na Airflow, kijani hiki unakifungua ukaona jedwali lenyewe. Mhandisi asiyetulia bila kodi anaweka kisanduku cha Python katikati na maisha yanaendelea. Hasara yake huja visanduku vikifika mia: hata aliyechora anaanza kuuliza njia.

Hukumu: Ingekuwa ya kwanza, kama watu wangeandika maelezo chini ya visanduku vyao.

1. Power Query

Piga kelele, kisha kaa. Iko ndani ya Excel tangu toleo la 2016, kwenye kompyuta ileile anayokalia mhasibu. Kila anachobofya kinakuwa hatua kwenye orodha: ondoa mistari mitupu, gawa safu, unganisha majedwali. Anaweza kurudi hatua ya tatu akaona data ilivyokuwa. Na chini ya orodha hiyo hatua zote zimeandikwa kwa lugha iitwayo M, kwa hiyo mhandisi anafungua na kusoma kazi ileile, neno kwa neno. Hapo wale watu wawili wanabishana wakiwa wanatazama kitu kimoja, na mimi sijui faida kubwa kuliko hiyo.

Imerithi dhambi za ukoo. Nayo hukisia aina ya data kwa kutazama mistari 200 ya kwanza, na 0712 inapoteza sifuri. Ila dhambi hii imeorodheshwa kama hatua. Ifute, sifuri inarudi. Na mwezi ujao mtu akibadilisha kichwa cha safu kutoka "Wilaya" kuwa "Halmashauri", inagoma na kusema haiioni safu ya Wilaya. Hiyo ndiyo kelele niliyokuwa naitafuta.

Data ikiwa kubwa, kompyuta itahema. Siku hiyo mpe mhandisi orodha ya hatua, ajenge upya kwa Airflow akijua hasa anachotakiwa kujenga.

Hukumu: Ya kwanza. Na kama unaona KNIME imeonewa, nionyeshe ofisi ambayo mhasibu aliifungua mwenyewe bila kusukumwa.