Vocha ya Aliyeshiba

Mwaka 2018 wapiga kura wa Arizona, Marekani, waliulizwa kama kila mtoto apewe fedha za umma za kusomea shule binafsi. Asilimia 65 wakakataa. Wakubwa, naona, walisikia "ngojeni kidogo": mwaka 2022 Gavana Doug Ducey akatia saini sheria ya kuwapa wote. Takriban dola 7,000 kwa mtoto, ili maskini, eti, aikimbie shule mbovu. Wengi waliowahi foleni hawakuwa na cha kukimbia. Watoto wao hawakuwa shule za umma tangu hapo awali. Wapo waliotumia fedha hizo kununua vichezeo vya LEGO na tiketi za kuteleza kwenye theluji. Elimu ni bahari, jamani. Kumbe na theluji imo! Mwalimu wa shule ya umma bado anawanunulia wanafunzi penseli kwa mshahara wake.