Jinsi ya Kuonekana Fundi Gari Linapochemsha

Gari limechemsha kwenye foleni ya Ubungo, mashemeji wako ndani, na wewe injini huijui. Tulia. Nakupitisha njia ya mkato.

1. Paki pembeni, zima injini, fungua boneti, nyamaza. Mashemeji watadhani unatafakari. Wewe unasubiri nusu saa ipoe. Kifuniko cha rejeta usikiguse: ndani kuna maji ya moto yenye presha, na yakikurukia usoni hakuna sifa itakayobaki.

2. Jiulize: linachemsha likisimama au likikimbia? Mshale wa joto ukipanda kwenye foleni na kushuka ukishika njia ya Chalinze, mtuhumiwa ni feni. Kwenye mwendo kasi upepo hupoza rejeta. Ukisimama, kazi yote ni ya feni. Likichemsha hata kwenye mwendo, angalia maji, thamostati na pampu. Na atakayetaka kung'oa thamostati kwa sababu ya feni iliyokufa, mshukuru, funga boneti.

3. Likishapoa na maji yametosha, washa injini, kisha AC. Kwenye magari mengi madogo ya feni ya umeme, AC ikiwaka feni nayo huzunguka. Ikizunguka, mota ni nzima. Shuku sensa ya joto au waya wake. Isipozunguka, anza na kitu rahisi: fyuzi. Halafu chomoa rilei ya honi, ikiwa ni ya aina ileile, uichomeke mahali pa ile ya feni. Utakosa honi kwa muda, lakini umejua mgonjwa ni nani bila kununua kitu. Bado kimya? Ipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikigoma, igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikiamka, brashi zimekwisha: pokea makofi haraka, kwa sababu italala tena. Vidole vikae mbali na mapanga yake muda wote. Feni nyingi huweza kuwaka hata injini ikiwa imezimwa.

4. Kufika nyumbani, zima AC, fungua hita hadi mwisho, shusha vioo. Hita hunyonya joto la injini. Mashemeji watalowa jasho. Waambie ndiyo dawa, na ni kweli. Mshale ukipanda tena, simama. Silinda hedi ikipinda, hutaonekana fundi kwa yeyote.

5. Gereji watakwambia, "Bosi, tuunge dairekti," feni izunguke kila ukiwasha gari. Kubali, ni ujanja unaofaa, ila dai fyuzi, rilei na waya mnene. Mota ile hula umeme mwingi, na waya mwembamba uliozungushiwa selotepu utayeyuka.